Maradhi ya Kukeni

Mama yangu alikuwa na mtindo wa kuangusha vijiko. Niko jikoni nakuna nazi, yeye anapita nyuma yangu, mara kijiko sakafuni, nageuka, namkuta kasimama wima ananitazama usoni. "Kimeniponyoka," atasema, kisha atainama akiokote. Kesho yake kifuniko cha sufuria, keshokutwa funguo za mlango. Nilikuwa msichana mkubwa nshamaliza skuli, na nilikuwa nikimcheka moyoni kwamba kazeeka mikono kabla ya uso. Haikunipitikia hata siku moja kwamba mikono ile ilikuwa mizima, na kwamba aliyekuwa akipimwa ni mimi.

Nazungumzia mwaka wa themanini na tano, themanini na sita, tulipokuwa tukikaa ghorofani Kiponda, mjini Unguja. Mama alikuwa hasikii. Sisi wa ndani tulijua, wa nje hawakujua, na kazi ya nyumba nzima ilikuwa kuhakikisha hawajui. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata tulikuwa sisi. Mwenyewe alikuwa na mbinu zake. Mgeni akiingia, mama husema mfululizo tangu mtu anavua viatu mpaka anavivaa, kwa sababu mtu anayesema hakuna anayepata nafasi ya kumuuliza kitu. Anaposhona kofia dirishani, ncha ya kamba tunayoteremshia kapu njiani kununua mboga huifunga kwenye kidole gumba cha mguu, ili mtu wa chini akiivuta ajue kuna mtu. Mtaani waliona ni uvivu, hataki hata kuitikia hodi. Aliitwa domo, aliitwa mwenye kiburi asiyejibu salamu za watu, na yote aliyapokea. Alikuwa radhi aitwe lolote ila kiziwi.

Alificha kwa ajili yetu sisi wasichana, au tuseme kwa ajili yangu mimi, kwa sababu msichana nilikuwa peke yangu. Kwetu watu hawaposi kwa kukurupuka. Kabla ya wanaume kuja kuzungumza, wanawake hutangulia kupeleleza: nyumba hiyo ina kifafa, ina pumu, ina wazimu? Na wakipeleleza huangalia kuumeni. Baba yake nani, babu yake nani, walifika na nani kutoka Arabuni. Hayo tunayajua kwa moyo kama Alhamdu. Ya kukeni hupitiwa juu juu. Mama yake mtu mwema? Anajua kupika? Basi, yamekwisha.

Ndugu yake mama, mjomba wangu, alikuwa akikaa Bububu, naye alikuwa kiziwi wa waziwazi. Mwanamume ana haja gani ya kuficha? Alikuwa akipiga kelele kwa kila mtu, akicheka mwenyewe, akisema masikio yake yamekwenda Pemba na hayajapata chombo cha kurudia. Alikuwa na binti mmoja, tumelingana miaka, tumelala kitanda kimoja tangu wadogo. Alikuwa mzuri, mtulivu, na masikio yake yalikuwa makali hata ukinong'ona chumba cha pili anakujibu.

Aliposwa na watu wa mjini, wa heshima zao. Pete ikaletwa. Halafu wale wanawake wakaenda Bububu kutazama nyumba, wakamkuta mjomba barazani, wakamsalimia, naye akawajibu mambo mengine kabisa. Baada ya siku chache posa ikarejeshwa kwa maneno mazuri. Wakaja wengine, nao wakasikia habari za baba yake, nao wakarudi. Ikawa ndiyo kauli ya mji: nyumba ile ina uziwi wa kuumeni, ukimchukua yule utazaa viziwi. Mama yangu alikuwa amekaa pamoja na wanawake wenzake wakilizungumza jambo hilo, nami nipo, na mmoja akamgeukia na kumwambia usoni, taratibu, maskini mtoto wa kaka yako. Mama akatikisa kichwa. "Ndiyo mambo ya kuumeni," akasema.

Yeye na mjomba walitoka tumbo moja. Masikio yao yalikuwa yaleyale. Nilimtazama nikaona uso wake hautikisiki, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa mama yangu.

Mimi niliposwa mwaka ule ule. Watu walikuja, wakakuta kuumeni kwetu kweupe, nikaolewa kwa ngoma na udi.

Miaka ya tisini ilipoingia nilikuwa na binti mmoja mdogo. Siku hiyo mama alikuja kwangu kunitazama, nami nilikuwa nimeinama nachambua mchele. Nikanyoosha mkono nyuma nitafute ungo mwingine, nikagusa kijiko. Kipo sakafuni karibu na kisigino changu, na mimi sijui kimefikaje. Niliponyanyua macho mama alikuwa kwenye kizingiti, mkono wake uko wazi.

Alikaa kitako palepale mlangoni. "Basi tena," akasema, kisha akanieleza yote kwa sauti ndogo kama mtu anayemwelekeza mwenziwe njia ya kwenda mahali. Kwanza huwa masikio, akasema. Huanza kupotea sauti za juu, za ndege na za watoto, halafu za wanawake, halafu zote. Ukishazoea, inakuja kiu, unakunywa maji usiku na mchana, hiyo ndiyo sukari. Halafu moyo unachoka. Mama yake alipita njia hiyo, na mama yake mdogo pia. Alikuwa akiniangushia vijiko tangu nina miaka kumi, akimwomba Mungu nigeuke, na kila nilipogeuka alikuwa akienda kuswali rakaa mbili za shukrani.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla sijazaa. Akasema, "Ningekwambia, ungeolewa na nani?" Mjomba alikuwa keshakufa wakati huo kwa moyo. Mama naye hakukaa sana, alimfuata kwa moyo huohuo, na miguu imemvimba. Watu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hata kifo hakikumuumbua, maana walioosha maiti walisema ni sukari tu, nani hana sukari siku hizi?

Basi nikaanza safari yangu mwenyewe. Nilikunywa kombe la aya, nilisomewa, nilitiwa mafuta ya moto masikioni mpaka ngozi ikachubuka. Mganga wa Matemwe alisema ni husda ya mtu niliyemzidi uzuri, nami nikamwambia nafurahi kusikia hivyo, lakini masikio je? Kiu ikaja kama ilivyoahidiwa. Ndugu yangu aliyehamia Maskati aliniletea kifaa cha kuvaa sikioni, kikanisaidia kwa muda, halafu kikawa kinapiga mluzi tu na maneno hayamo. Mume wangu akafariki kwa ajali kazini, na wifi yangu, dada yake mkubwa, akachukua usukani wa mambo ya nyumba. Ni yeye aliyewaambia watu kwamba masikio yangu yameharibiwa na kwinini. Eti nilipata malaria kali, nikapigwa sindano, masikio yakafa. Watu waliamini, kwa sababu kwinini kila mtu imempigia kengele kichwani.

Na mimi nikaanza kuangusha funguo nyuma ya mwanangu. Alikuwa akigeuka. Kila mara alikuwa akigeuka, na mimi nikipumua.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ndugu yangu akaniita Maskati. Masikio yake nayo yalikuwa yameanza, na madaktari wa huko walikuwa wamemchukua damu, ikapelekwa nje ya nchi, ikarudi na jibu. Wakamwambia akiwa na dada, aje. Nilikwenda na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa akimaliza skuli, awe masikio yangu njiani.

Daktari alikuwa Mwarabu wa huko, lakini nesi wake alizaliwa kwa wazazi wa Unguja, Kiswahili chake ni kile cha bibi zetu. Maswali akiniandikia. Daktari anataka kujua ukoo wako, akaandika. Nikaanza kumtajia: mimi binti wa fulani, bin fulani, bin fulani, mpaka yule aliyeshuka chomboni. Nesi akanishika mkono. Huko sio, akaandika. Anataka kukeni. Nikamtajia mama, nikamtajia bibi. Kwa mama yake bibi nikakwama. Sikujua hata jina lake, na sikumjua mtu hai ambaye ningeweza kumuuliza.

Halafu wakanieleza. Ndani ya kila chembe ya mwili mna vitu vidogo mno, jina lake refu, mitokondria, na kazi yake ni kupika nguvu, kama majiko. Majiko hayo mtu hapewi na baba. Anapewa na mama peke yake, naye kapewa na mama yake. Majiko ya kwetu yana kasoro, mengine yanawaka na mengine hayawaki. Viungo vinavyokula nguvu nyingi ndivyo vinavyoanza kuzimika: sikio, kongosho, moyo. Mwanamume anaweza kuwa nayo na yakamuua, lakini hawapi wanawe.

Nikamuuliza kwa mdomo wangu, "Mjomba wangu, kiziwi, ana binti. Yule je?"

Nesi akamuuliza daktari, daktari akatikisa kichwa. Hana kitu, nesi akaandika. Hajapata kuwa nacho.

"Na huyu wangu?"

Nesi akashika kalamu. Binti yangu alikuwa ameinama kwenye karatasi pamoja nami, anasoma kila herufi. Watoto wa mama wote wanapewa, akaandika. Kiasi gani, hatujui. Wengine kidogo, hata hawajui mpaka uzeeni. Wengine kama wewe.

Wakamwingiza mwanangu kwenye chumba cha kioo, wakamvisha vitu vya masikioni, wakamwambia anyanyue mkono kila akisikia mlio. Mimi nilikaa nje nyuma ya fundi wa mashine. Sikuhitaji masikio. Fundi akibonyeza, taa ndogo inawaka. Taa ikiwaka, mkono wa mwanangu unapanda. Taa, mkono. Taa, mkono. Halafu fundi akageuza kitufe kwenda kwenye sauti za juu. Taa ikawaka, na mkono ukabaki mapajani. Ikawaka tena. Mwanangu alikuwa amekaa vizuri, anatabasamu kwa adabu, anasubiri mlio uje.

Jibu la damu yake wala sikulingoja.

Mimi mwenyewe walinipasua. Walikuwa wakiogopa moyo wangu, kama utastahimili dawa ya usingizi, na waliupima mara nyingi mpaka mimi nikachoka kabla yao. Daktari alisema mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo ni mzima, kilichokufa ni kile kijumba cha ndani ya sikio kilichojizungusha kama konokono, na uzi mwembamba ukipitishwa humo, unaweza kufanya kazi yake. Nyuma ya sikio, chini ya ngozi, walitia sumaku. Juu ya ngozi unabandika kisahani kinachoshikwa na sumaku hiyo, na kipande kingine kinakaa sikioni kinakamata sauti. Kabla ya kukiwasha, daktari alimwambia nesi aniandikie jambo moja alilotaka nilifahamu: hiki kitakurudishia usikivu, maradhi hakiyagusi.

Walipokiwasha nilidhani kuna mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Kumbe ni binti yangu ananiambia, "Mama, unansikia?" Nililia, na kilio changu kikanijia kama mlango mbovu. Ilichukua miezi. Kila siku alikuwa akikaa nyuma yangu akinisomea maneno, nami nikiyarudia: sahani, sabuni, Shaabani. Taratibu misumari ikawa sauti, na sauti ikawa mwanangu. Sijui kama mtu aliyesikia maisha yake yote anaweza kuielewa furaha ile. Mimi nilikuwa nayo, na chini yake ilikuwepo ile taa inayowaka na mkono usiopanda.

Tuliporudi Unguja wifi yangu alifurahi, akalia, kisha akafunga mlango. "Sasa sikiliza, wifi yangu," akasema, "maana unasikia. Usimwambie mtu. Watasema umetiwa chuma kichwani, na watauliza kwa nini. Mtoto ana umri wa kuposwa." Nikakivaa chini ya mtandio, wa pamba laini, maana nailoni ilikuwa ikinikwaruzia masikioni kama panya kwenye gunia. Kwa watu nikabaki kiziwi wa kwinini.

Lakini kuna mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kujua. Nilikwenda Bububu na mwanangu, kwa binti wa mjomba. Alikuwa mwalimu wa skuli, hajaolewa, anakaa katika nyumba ileile ya baba yake. Nilimweleza yote, hata yale majiko. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitia chai vikombeni.

"Kwa hiyo mimi sina," akasema.

"Huna. Hujapata kuwa nayo."

"Na wewe unayo."

"Nnayo."

"Waliniacha mimi, wakakuchukua wewe."

Akaweka birika chini. Akauliza kama mama yangu alikuwa akijua. Nikamwambia mambo ya kukeni hakuna aliyeyajua, hata madaktari wenyewe wameyajua juzi. Lakini masikio yake aliyajua, nikaongeza, na pale walipokuwa wakikusema wewe, aliyanyamazia yake. Binti wa mjomba akanisogezea kikombe changu. "Nshajua, basi," akasema. "Habari hii ningeipata nina miaka ishirini, ningekushukuru. Sasa nifanye nayo nini?" Mwanangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kikombe chake hajakigusa.

Posa yake ilikuja mwaka uliofuata. Kijana wa Malindi, hapahapa mjini, wamependana, nami nilikuwa nikijua wamependana kwa sababu alikuwa akiimba akifua, na mimi nikimsikia. Wanawake wa upande wa kijana wakaleta habari kwamba watakuja alasiri kutusalimia. Wifi akaja asubuhi kunipanga. Nimwachie yeye maneno, mimi nitabasamu. Nikamwambia la kuvunda halina ubani. Akanijibu kila nyumba ina lake, na hao wanaokuja wana lao ambalo hawatakwambia. "Unataka akae kama yule wa Bububu?" akaniuliza. Hapo ndipo aliponiweza. Nilitaka kusema, na nilitaka mwanangu aolewe, na siku nzima mambo hayo mawili yalipigana kifuani mwangu mpaka nikashika moyo nikidhani ndio umefika mwisho wake.

Walikuja mama wa kijana na dada yake mama, watu wa heshima, wananukia vizuri. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Mimi nikatabasamu. Wakauliza kuumeni, wifi akawapa kuumeni yote, safi. Kisha mama wa kijana akauliza kwa upole, akinitazama kwa huruma, "Na masikio ya mwenzetu, nasikia ni kwinini?"

"Kwinini tu," wifi akasema.

Mwanangu alikuwa ameingia na sinia la sharubati. Alitakiwa aliweke na atoke. Aliliweka, kisha akakaa.

"Si kwinini, mama," akamwambia yule mgeni. "Ni maradhi ya kukeni kwetu, na mimi ninayo, nimepimwa. Nikizaa, watoto nitawapa. Kijana wenu mwenyewe nshamwambia, kasema niwaambie na nyinyi. Nimeona mlisikie kwangu."

Nilisikia bilauri ikiwekwa kwenye kisahani. Nilisikia wifi akivuta pumzi. Mama wa kijana alisema ahsante, mwanangu, kwa kutwambia, na sauti yake ilikuwa nzuri, haikuwa na ubaya wowote. Akasema basi watakwenda wakazungumze nyumbani. Sharubati wakainywa mpaka mwisho, kwa adabu. Mimi niliwasindikiza hadi mlangoni nikitabasamu kama kiziwi, nikaurudisha mlango, nikabaki nimesimama nyuma yake. Mwanangu alikuja akasimama ubavuni kwangu, bega lake kwenye ubao.

Walikuwa hapohapo nje wanavaa viatu, upana wa ubao tu kati yetu. Walikuwa wakinong'ona. Nilisikia buibui zikisugua ukuta, nikasikia ukanda wa kiatu ukivutwa, na nikasikia kila neno.

"Mama," mwanangu akaniuliza, "wanasema kitu?"

Alikuwa karibu na mlango kuliko mimi.

Nikangoja mpaka viatu vishuke ngazi. Ningeweza kumwambia hawakusema kitu. Mama yangu angemwambia hivyo.

"Mmoja kasema, mtoto kama yule, hasara," nikamwambia. "Wa pili kasema, bora mama yake hasikii."

Nilimwambia neno kwa neno, polepole, na macho yake hayakuondoka mdomoni mwangu.